"Ni Kweli, Mheshimiwa": Historia ya Kauli ya Kukiri Kosa na Haki ya Rufani, kwa Kurejelea Wilaya za Karagwe na Kyerwa



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu kauli ya maneno mawili: "ni kweli". Katika mahakama zetu hakimu humsomea mshtakiwa shtaka, kisha humwuliza kama ni kweli au si kweli. Mshtakiwa akijibu "Ni kweli, mheshimiwa", mambo huenda haraka. Hakuna shahidi atakayeitwa wala kielelezo kitakachobishaniwa. Mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kosa, mshtakiwa huulizwa kama anayakubali, na siku hiyohiyo anaweza kutoka mahakamani akiwa mfungwa. Akifika gerezani, akatulia, akatambua kwamba alichokikubali sicho alichodhani anakikubali, hukuta kwamba sheria imekwisha kumzuia kukata rufani isipokuwa kuhusu adhabu.

Wanasheria wamelieleza jambo hili kwa muda mrefu kama suala la utaratibu, na wamelieleza vizuri. Mimi ninalitazama kama mwanaisimu. Hoja nitakayojaribu kuithibitisha ni kwamba rufani ya mtu aliyekiri kosa, ikichunguzwa kwa undani, mara nyingi ni ubishi juu ya maana: mshtakiwa alisema nini hasa, aliulizwa nini hasa, na nani aliyeyaandika maneno yake, kwa lugha gani? Nitaonyesha pia kwamba sheria yenyewe, tangu mwanzo, ilitaka maneno ya mshtakiwa yahifadhiwe, ila historia ya lugha za mahakama ilifanya maneno hayo yapotee palepale yalipokuwa yakiandikwa.

Nimechagua kurejelea Karagwe na Kyerwa, katika mkoa wa Kagera, kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili kilifika huko mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani, lakini kilifika kama lugha ya pili. Pili, wilaya hizi mbili, ambazo zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, zimepakana na Rwanda na Uganda kwa mto Kagera, na mshtakiwa anayesimama mbele ya hakimu huko huweza kuwa amelelewa katika Kinyambo, Kihaya, Runyankole au Kinyarwanda. Kauli za washtakiwa nitakazozichambua nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya mhadhara huu. Hazimhusu mtu yeyote halisi.

2.0 Kiswahili kilivyofika Karagwe na kilivyoingia mahakamani

Speke na Grant walipofika Karagwe mwezi Novemba 1861, Omukama Rumanyika aliwapokea kwa Kiswahili, na Speke aliandika kwamba kilikuwa Kiswahili kizuri. Hili lisitushangaze. Wafanyabiashara wa pwani, wakifuata pembe za ndovu kwa njia ya Tabora, walikuwa wamekwisha kujenga kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme kule Bweranyange. Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta hapo Hamed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyekuwa na makazi yake. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya baraza ya mfalme na ya biashara kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa. Hata hivyo kilikuwa lugha ya wachache. Mkulima wa migomba na mfugaji waliendelea kugombana, kupatana na kuapa kwa Kinyambo.

Wajerumani, baada ya Emin Pasha kuanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya utawala. Amri ya Aprili 1896 iliyoweka utaratibu wa adhabu za jinai kwa wenyeji iliwapa maofisa wa utawala mamlaka ya kuhukumu, na neno letu "shauri" likaingia katika Kijerumani cha makoloni likiwa na maana ya kesi. Hapo ndipo Kiswahili kilipopata kazi mpya: kikawa lugha ambayo mtu wa kawaida anaulizwa kwayo mambo ambayo jibu lake linaweza kumfunga.

Waingereza hawakukiondoa Kiswahili, bali walikiwekea dari. Chini kulikuwa na mahakama za wenyeji chini ya machifu, zilizopangwa upya kwa sheria ya mwaka 1929. Juu kulikuwa na mahakama za mahakimu na Mahakama Kuu, zilizoandika kwa Kiingereza. Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964, ilifuta mgawanyiko huo wa rangi na kuunganisha mahakama zote katika ngazi moja inayopanda. Mahakama ya Mwanzo ikapewa Kiswahili. Mahakama ya Wilaya ikaruhusiwa kusikiliza kwa Kiswahili au Kiingereza, lakini desturi ya kuandika mwenendo wa shauri na hukumu kwa Kiingereza ikaendelea. Bart Rwezaura, katika makala yake ya mwaka 1993 juu ya vikwazo vya kukifanya Kiswahili lugha ya sheria, aliuchambua mgawanyiko huu. Hapa ninataka kusisitiza tokeo lake moja tu: kwa miongo mingi hakimu wa Kayanga alisikia kwa lugha moja na kuandika kwa lugha nyingine, kwa mkono uleule na kwa wakati uleule. Hakuna aliyeitwa mfasiri katika tendo hilo, ingawa lilikuwa tendo la kufasiri.

3.0 Sentensi iliyotoka India

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu ambacho kwa miaka mingi kilijulikana kwa namba 228, inaagiza kwamba mshtakiwa aelezwe kiini cha shtaka na aulizwe kama anaukubali au anaukana ukweli wake. Akiukubali, kukiri kwake kuandikwe, kwa kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yaleyale aliyoyatumia. Kifungu kingine, kilichojulikana kwa namba 360(1), kinasema kwamba mtu aliyekiri kosa na kutiwa hatiani kwa kukiri huko katika mahakama ya chini hataruhusiwa kukata rufani, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu.

Vifungu hivi viwili si vya mwaka 1985 wala si vya Uingereza moja kwa moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilitumia sheria za jinai za India hadi ilipopata kanuni zake yenyewe mwaka 1930. Katika Kanuni ya Mwenendo wa Jinai ya India ya mwaka 1898 tunavikuta vyote viwili: kifungu cha 243 kinataka kukiri kuandikwe kwa maneno ya mshtakiwa kwa kadiri iwezekanavyo, na kifungu cha 412 kinazuia rufani ya aliyekiri isipokuwa kuhusu adhabu.

Tukumbuke mahali maneno hayo yalipoandikwa. India ilikuwa nchi ya lugha nyingi, ambamo hakimu mgeni alimsikiliza mshtakiwa ambaye lugha yake huenda hakuijua vizuri. Aliyetunga kifungu cha 243 alijua kwamba kati ya kinywa cha mshtakiwa na kalamu ya hakimu pana nafasi ya kupotea neno. Masharti haya mawili yalisafiri pamoja kuvuka Bahari ya Hindi, na ni haki kuyasoma pamoja. La pili linamnyima mtu rufani kwa sababu inachukuliwa kwamba amejihukumu kwa kinywa chake. La kwanza linadai ushahidi wa kile kinywa chake kilichosema. Pale la kwanza linapopuuzwa, la pili linakosa mguu wa kusimamia.

4.0 Zuio la rufani na mianya yake

Majaji wa Afrika Mashariki waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1942, katika shauri la Yonasani Egalu na wenzake kutoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba mtu anapoelekea kutiwa hatiani kwa kukiri, inafaa sana aelezwe kila kipengele cha kosa, na atakiwe kukikubali au kukikana kila kimoja. Shauri la Hando Akunaay la mwaka 1951 lilirudia fundisho hilo. Mwaka 1973, katika shauri la Adan, mahakama hiyo ilipanga hatua kwa utaratibu: shtaka na vipengele vyake vielezwe katika lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, kama ni ya kukiri, iandikwe kwamba amekiri, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, mshtakiwa apewe nafasi ya kupinga, kufafanua au kuongeza, na akipinga au akizusha swali lolote juu ya hatia yake, jibu lake liandikwe na iandikwe kwamba amekana.

Kwetu Tanzania, hatua kubwa ilikuwa shauri la Laurence Mpinga la mwaka 1983. Barnabas Samatta, wakati huo Jaji wa Mahakama Kuu na baadaye Jaji Mkuu, alitaja hali nne ambazo mtu aliyekiri anaweza, licha ya zuio, kupinga kutiwa kwake hatiani:

(a) kwamba, hata kwa kuzingatia maelezo aliyoyakubali, kukiri kwake kulikuwa na kasoro, kulikuwa na utata au hakukukamilika, na mahakama ilikosea kukuchukulia kuwa ni kukiri;

(b) kwamba alikiri kwa sababu ya kukosea au kutoelewa;

(c) kwamba shtaka lenyewe halikuonyesha kosa linalojulikana kisheria;

(d) kwamba kwa maelezo aliyoyakubali hakuweza kisheria kutiwa hatiani kwa kosa aliloshtakiwa.

Tuyatazame haya kwa jicho la isimu. Hali ya kwanza inahusu utata wa kauli. Ya pili inahusu uelewa wa msikilizaji. Ya tatu na ya nne zinahusu uhusiano kati ya maneno yaliyosemwa na maneno ya sheria. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilirudi kwenye misingi hii katika shauri la Khalid Athumani la mwaka 2006, na baadaye, katika shauri la Chaki, Rufani ya Jinai namba 399 ya mwaka 2019, ikapanga masharti sita ya kukiri kusiko na utata. Kwa mfululizo wa miaka themanini hivi, mahakama za juu zimekuwa zikifanya kazi ambayo sisi tungeiita uchanganuzi wa maana.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mshtakiwa ahangaike na mianya hii, ilhali sheria imemwachia rufani ya adhabu? Jibu ni kwamba kwa makosa mengi mazito adhabu imekwisha kupangwa. Tangu Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963, na ile ya mwaka 1972 iliyoifuata, Bunge limeweka viwango ambavyo hakimu hawezi kushuka chini yake. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa mfano, una kifungo kisichopungua miaka 30. Aliyekiri kosa hilo akaruhusiwa kulalamikia ukubwa wa adhabu tu, ameruhusiwa kulalamikia kitu ambacho jaji hana uwezo wa kukipunguza. Kwake yeye rufani yote imo katika maneno mawili aliyoyatamka siku ya kwanza.

5.0 Uchanganuzi wa kauli "ni kweli"

5.1 Umbo la kauli

Kisarufi, "ni kweli" ni sentensi iliyokamilika, lakini haina kiima kilichotajwa, haina njeo na haina mtenda. Inategemea kabisa maneno yaliyotangulia. Sasa shtaka la jinai ni sentensi ndefu yenye madai mengi: kwamba mtu fulani, tarehe fulani, mahali fulani, kwa nia fulani, alitenda jambo fulani kwa mali ya mtu fulani yenye thamani fulani. Msikilizaji anayejibu "ni kweli" anaweza kuwa anaitikia dai moja tu, mara nyingi lile lililo wazi zaidi kwake au lililotajwa mwisho. Jalada likiandika kwa Kiingereza "It is true", limehifadhi upungufu uleule. Likiandika tu kwamba mshtakiwa amekiri, limeyajaza yote ambayo mshtakiwa hakuyasema.

5.2 Kitenzi cha mshtakiwa na kitenzi cha sheria

Tuseme mtu wa Nkwenda ameshtakiwa kwa kuiba ng'ombe, naye anasema: "Ni kweli nilimchukua, kwa sababu mwenyewe ananizungusha deni langu." Kitenzi chake ni "kuchukua". Kitenzi cha sheria ni "kuiba", na katika Kanuni ya Adhabu wizi unahitaji nia ya udanganyifu na kukosekana kwa dai la haki. Kanuni hiyohiyo inamkinga mtu aliyetenda juu ya mali kwa kuamini kwa dhati kwamba ana haki nayo. Mtu huyu hajakiri wizi; ametoa utetezi, na neno "kwa sababu" ndilo linalouanza. Kalamu inayoishia kwenye "nilimchukua" imekata sentensi mahali ambapo maana ilikuwa inageuka.

5.3 Viashiria

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Tuseme mchungaji ameshtakiwa kwa kuingiza mifugo hifadhini, naye anasema: "Ni kweli nilikuwa nachunga pale." Kiashiria "pale" hakina maana nje ya hali ya usemaji. Pale wapi? Ndani ya mpaka, au kwenye malisho yaliyo kando yake? Kiswahili kina namna ya kuutaja undani: mle, humo, ndani. Msemaji hakuitumia. Swali moja la hakimu lingetosha kuondoa utata huo. Bila swali hilo, utata unabaki katika jalada na kwenda nao hadi Bukoba, kwenye Mahakama Kuu, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga.

5.4 Ndiyo, nakubali, nimekosa

Maneno mengine ya kukiri nayo yana mitego. "Ndiyo" ya Kiswahili huthibitisha swali jinsi lilivyoulizwa. Mtu akiulizwa "Hukuiba?" akajibu "Ndiyo", amesema kwamba hakuiba, na mwandishi anayefikiri kwa Kiingereza anaweza kuandika kinyume chake. "Nakubali" ni kukiri, lakini pia ni kuridhia na kutii: mdogo humwambia mkubwa "nakubali" bila kusema lolote juu ya yaliyopita.

Neno "kosa" lenyewe linabeba mengi. Kwa asili yake ya Kibantu, kukosa ni kutopata, ni kupungukiwa, na pia ni kutenda isivyofaa. "Nimekosa" ni kauli ya adabu inayofungua usuluhishi. Mbele ya wazee, mtu akisema "nimekosa, naomba mnisamehe", ameanza safari ya kurudiana na mwenziwe, na mara nyingi mambo yataishia kwenye fidia. Mbele ya hakimu kauli hiyohiyo inaishia kwenye kifungo. Mtu hakubadilisha lugha. Ni lugha iliyobadilishiwa mahali.

Kwa upande mwingine tuna "kukiri", neno la Kiarabu lililoingia pwani pamoja na elimu ya fikihi, ambamo ikirari ni istilahi ya kisheria yenye masharti. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea sana pwani yetu, mtu aliyekiri kosa lenye adhabu ya haddi, kama zinaa, anaweza kuirudi kauli yake na adhabu hiyo ikaondoka. Kwa hiyo neno tunalolitumia leo kumfungia mtu rufani limetoka katika mapokeo yaliyomwachia njia ya kurudi. Hata sheria tuliyorithi haikosi mlango huo kabisa: shauri la Kamundi la mwaka 1973 lilieleza kwamba mahakama inaweza kumruhusu mshtakiwa kubadili kauli yake kabla adhabu haijatolewa. Tatizo ni kwamba, kukiri na adhabu vinapotokea asubuhi moja, muda huo ni mfupi mno kwa mtu aliyeduwaa.

6.0 Lugha iliyo nyuma ya Kiswahili

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba mshtakiwa anakijua Kiswahili vizuri. Karagwe na Kyerwa zinatukumbusha kwamba sivyo nyakati zote. Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha msamiati wa Orunyambo, Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002, na sarufi ya lugha hiyo mwaka 2005. Kazi hizo zinaonyesha lugha kamili, yenye mfumo wake wa maana, ambao Kiswahili hakiufuniki neno kwa neno.

Katika Runyankole, jirani wa karibu wa Kinyambo, "okwikiriza" ni kukubali, na pia ni kuamini na kuitikia. Katika Kinyarwanda, "kwemera" hubeba kukubali, kuamini na kukiri kwa pamoja. Mtu anayefikiri kwa lugha hizi akitamka "nakubali" anaweza kuwa ameleta Kiswahilini maana ya kwao: nimekusikia, ninakuamini wewe unayesema, siwezi kubishana na mkubwa.

Hebu tuchukue kosa la kuwapo nchini bila kibali, ambalo katika wilaya za mpakani si la nadharia. Karagwe ilipokea wakimbizi wengi wa Rwanda mwaka 1994, na mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwalenga wahamiaji wasio na vibali katika mkoa wa Kagera na mikoa jirani. Tuseme mtu ameshtakiwa kwa kosa hilo, naye anasema kupitia mkalimani: "Ni kweli, nilizaliwa ng'ambo ya mto." Je, amekiri? Hapana. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu aliyezaliwa nje ya nchi na mzazi aliye Mtanzania anaweza kuwa raia kwa kurithi. Amekubali mahali pa kuzaliwa. Hajasema lolote juu ya uraia wake. Lakini kama mkalimani, ambaye huweza kuwa mtu yeyote aliyepatikana karibu anayeijua lugha hiyo, amefupisha jibu hilo kuwa "anakubali", na hakimu ameliandika kwa Kiingereza, basi kauli imevuka mito miwili ya lugha na kupoteza mzigo wake njiani. Mtu huyo anaweza kufungwa na kuondolewa katika nchi ambayo huenda ni yake.

Na rufani? Taarifa ya nia ya kukata rufani hutakiwa kutolewa ndani ya siku 10, na rufani yenyewe ndani ya siku 45. Mfungwa huiwasilisha kupitia mkuu wa gereza. Inaandikwa kwa lugha ambayo si yake, kupinga jalada ambalo pengine hawezi kulisoma, juu ya maneno ambayo hayamo ndani yake.

7.0 Mabadiliko ya mwaka 2021 na yaliyobaki

Mwaka 2021 Bunge, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali namba 1 ya mwaka huo, lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama, huku likiacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji. Sisi tuliokitetea Kiswahili kwa miaka mingi tulifurahi, na tulikuwa na sababu. Kwa suala letu la leo, faida yake ni ya wazi: hakimu anayeandika "ni kweli nilimchukua kwa sababu mwenyewe ananizungusha deni langu" hana tena sababu ya kuifasiri kauli hiyo. Anaweza kutimiza sharti la mwaka 1898 kwa kuandika tu alichosikia.

Hata hivyo tusijidanganye. Kubadili lugha ya jalada hakubadili swali linaloulizwa. Kama mshtakiwa ataendelea kusomewa sentensi moja ndefu na kuulizwa "kweli au si kweli", jibu litabaki na utata uleule, sasa kwa Kiswahili fasaha. Na kwa mtu wa Murongo au Kaisho ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, ukuta mmoja umeondolewa na mwingine umebaki. Ipo hata hatari kwamba Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ya taifa, kitadhaniwa kinajulikana na kila mtu, na swali la mkalimani lisiulizwe kabisa.

Jambo hili limeongezeka uzito tangu mwaka 2019, sheria iliporuhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Kukiri kunapokuwa sehemu ya mapatano, uelewa wa anayekiri unapaswa kuwa mkubwa zaidi.

8.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha kwamba zuio la rufani kwa aliyekiri lilizaliwa pamoja na wajibu wa kuyahifadhi maneno yake, na kwamba historia ya lugha zetu iliutenganisha wajibu huo na zuio lenyewe. Majaji, kutoka Egalu hadi Chaki, wamefanya kazi kubwa ya kuviunganisha tena. Lakini jaji wa rufani anakuja mwisho, baada ya miezi au miaka. Akiona kwamba kukiri kulikuwa na utata, anaweza kufuta hukumu na kuamuru shauri lianze upya. Miezi ile iliyopita gerezani haiwezi kuanza upya.

Yapo mambo matatu ambayo yanawezekana. Kwanza, kila kipengele cha kosa kiulizwe peke yake, kwa swali fupi, na mshtakiwa aachwe amalize sentensi yake. Pili, maneno yake yaandikwe yalivyo, na pale alipotumia Kinyambo au lugha nyingine, maneno hayo ya asili yaandikwe kwanza, kisha tafsiri yake, pamoja na kutaja nani aliyeifanya. Tatu, sisi wa idara za lugha tutoke nje ya madarasa yetu. Tuna msamiati wa Orunyambo, lakini hatuna mwongozo wa istilahi za mahakama katika lugha za mipakani, wala mafunzo ya ukalimani wa mahakamani kwa Kinyambo, Kihaya au Kinyarwanda ambayo hakimu wa wilaya anaweza kuyategemea. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu asiende mbali: majalada ya mashauri yamejaa data, na kila data ni uhuru wa mtu.

Waswahili husema ulimi hauna mfupa. Ulimi huteleza, husitasita, hufupisha na hutii. Sheria inayomfunga mtu kwa ulimi wake ina deni la kusikiliza hadi mwisho wa sentensi.